Ungo Haukujui

Mkunga alikuwa mwongo. Naanza na hilo makusudi, ili waliomjua wacheke mapema, na wasiomjua wasije wakadhani naandika habari za malaika. Umri wake ulipungua kila walipopita watu wa kuhesabu watu. Kuku wake, kwa maneno yake mwenyewe, walitaga mara mbili kwa siku, na ukiuliza mayai yako wapi, mwewe kachukua. Chumvi aliyotia kwenye chakula ingetosha kukausha nyama ya nyati mzima, naye huku anaapa kwamba leo kasahau kutia kabisa. Lakini ukikaa kwenye benchi la zahanati yake na kumuuliza una nini mwilini, uongo wote aliuacha mlangoni pamoja na kandambili zake. Hapo alikwambia kweli mpaka ukatamani angekudanganya kidogo.

Alikozaliwa sikujui, na ukoo wake sikuuliza. Nilimkuta tu, pale tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa kati ya Tabora mjini na Igalula. Tulipangwa kwa mistari kando ya reli, kila nyumba na namba yake, tukaambiwa sasa tunaishi pamoja, jambo ambalo kuku na mbuzi walikuwa wamelifahamu siku nyingi. Mume wangu alikuwa fundi wa reli. Mimi nililima njugu na kuhudhuria kisomo cha watu wazima jioni, nikijifunza kuandika jina langu bila kutoa ulimi. Jina la Mkunga lilikuwa limeandikwa kwa chokaa juu ya mlango wa zahanati, mvua ya kwanza ikalifuta, na hakuna aliyeona haja ya kuliandika tena. Hata wanaume aliowafunga vidonda walimwita Mkunga.

Alikuwa na neno moja alilolipenda kuliko sala: rudia. Alikueleza ugonjwa wako, dawa yake, na ubaya wa dawa yenyewe, halafu akakunja mikono. "Haya, rudia." Ukirudia maneno yake kama kasuku alikukataa. "Hayo ni yangu. Nipe ya kwako." Ukisema kwa Kiswahili cha ofisini alikwambia useme kwa Kinyamwezi, kama unavyomweleza mama yako jikoni. Mzee mmoja aliyefuata dawa ya minyoo alirudishwa mara nne, akatoka nje analalamika kwamba ubatizo wake wa Kimoraviani ulikuwa na maswali machache zaidi.

Ukimlaumu kwa kukuchelewesha, alikuonyesha barabara iliyopita mbele ya zahanati. Ndiyo ile njia ya zamani ya misafara, na wapagazi wa Kinyamwezi walioipita, alisema, walikuwa na sheria yao. Mzigo unauinua kwanza, unautembeza hatua chache, unautua. Ndipo unaposema nitaubeba au siubebi. Mzigo uliotwishwa bila kuupima, ukiutupa porini hakuna wa kukulaumu. "Pima mzigo kwanza," alimaliza. Kama habari hiyo ilikuwa kweli au ilikuwa moja ya mayai ya kuku wake, sijui. Lakini niliishika.

Sasa kuhusu ungo. Mkunga alikuwa amechoka na maneno "hatari kidogo" na "hatari sana." Alisema kidogo ya daktari si kidogo ya mgonjwa. Kwa hiyo akaweka zahanati ungo wa kupepetea na makopo mawili ya njugu mawe, moja la nyeupe na moja la nyeusi. Ukitaka kupasuliwa, kuzaa baada ya matatizo, au kumeza dawa kali, alimimina nyeupe kwenye ungo, kila moja ni mtu aliyepitia jambo hilo akatoka salama. Kisha alitia nyeusi, moja moja, kadiri alivyoambiwa na madaktari na alivyoona kwa macho yake. Hao ni waliopata madhara. Alizichanganya, akakwambia ufumbe macho. "Chota." Ukafungua kiganja, ukaona. Ukazirudisha, ukachota tena. Jioni njugu zote ziliingia chunguni, na majirani tuliopita tuliuliza, "Mkunga, leo umekula wagonjwa wangapi?"

Mwanzoni ungo huo ulimletea balaa. Kwetu huku mtu anayekaa mbele ya ungo wenye mbegu, akamwambia mwenzake achote huku kafumba macho, ana jina lake, na jina hilo si muuguzi. Ni mfumu, mganga wa ramli. Mkulima mmoja wa tumbaku aliyekuwa na ngiri alichota nyeusi mbili kwa mpigo, akapita dirishani, na habari zake tulizisikia tena kutoka stesheni ya Igalula. Mwingine alikuja kwa miguu kutoka upande wa Nzega kuulizia ng'ombe wake aliyepotea.

"Mayu, mama yangu, nimesikia una ungo unaosema," alimwambia.

"Unasema. Ng'ombe wako anataka kupasuliwa nini?"

Waliomuudhi zaidi ni wale waliochota nyeupe tupu, wakatoka wakicheza kana kwamba wamekwisha kupona. Hao aliwakimbiza mpaka barabarani kuwarudisha.

Mwishowe Mwenyekiti wa kijiji alimwita mbele ya mkutano. Alikuwa mtu mwema, mwenye sauti ya kengele ya shule, na kijiji kizima tulijua kwamba naye ana ngiri iliyomfanya aketi upandeupande.

"Ndugu Mkunga," alisema, "serikali ya wakulima na wafanyakazi haipigi ramli."

"Ni kweli kabisa, Ndugu Mwenyekiti. Fumba macho uchote."

Alichota mbele yetu sote. Nyeupe tupu. Wanawake wakapiga vigelegele. Mkunga akamwambia achote tena: nyeupe. Mara ya tatu ikatoka nyeusi moja katikati ya kiganja, na Mwenyekiti akabadilika rangi.

"Mkono ni uleule," Mkunga akasema, "ngiri ni ileile, na jua halijasogea. Ramli gani inageuza maneno hivyo?"

"Sasa niamini ipi? Nichote mpaka lini?"

"Mpaka uelewe kwamba ungo haukujui. Unakwambia njia ikoje. Kwenda ni kwako."

Mwenyekiti alikwenda kupasuliwa mwezi uliofuata, akarudi anaketi sawasawa, na tangu hapo kila hotuba yake ilikuwa na ungo ndani yake, hata zile za pembejeo.

Nisiwafanye mkadhani siku zote zilikuwa za kucheka. Walikuwapo wasichana walioletwa kwa machela, waliokwenda kwa watu wa vichochoroni kutolewa mimba, wakarudi na homa na damu. Mkunga hakuwauliza kwanza nani kawapa mimba wala nani kawatoa. Aliwaosha, akawatia dawa, akasimamisha lori la tumbaku kwa kusimama katikati ya barabara. Na kama msichana alimjia kabla, kwa siri, akiuliza habari za mtu fulani wa kichochoroni, alitoa ungo. Safari hiyo nyeusi alizitia kwa viganja. "Na hizi sijatia chuki," alimwambia. "Ni nilizozihesabu mlangoni kwangu." Kisha alimimina ungo mwingine, wa kuzaa, maana nao una nyeusi zake, na hakuzificha.

Nyuma ya haya yote alikuwa mwoga wa ajabu. Alichoma watu sindano tangu asubuhi mpaka saa sita, lakini ilipokuja chanjo ya kipindupindu kwa wafanyakazi wa afya, tulimkuta shambani kwangu, anapalilia njugu ambazo zilikuwa zimekwisha kupaliliwa. Jino lake bovu alilitunza miaka miwili. Nilipomwambia alete ungo tuchote, aliniambia ungo umeharibika.

Sasa mambo yangu.

Nilikuwa na watoto watatu, na wa tatu karibu aondoke nami. Nilivimba miguu, nikakosa pumzi, na daktari wa mjini akaniambia moyo wangu una mlango usiofunga vizuri. Nilipopata mimba ya nne, nilipelekwa tena. Daktari alinipima, akaniambia nivae, akamwita mume wangu chumba cha pili. Walikaa humo muda wa kuchemsha chai. Mume wangu akatoka na macho mekundu, na karatasi ameshaitia sahihi. Mimba itolewe, la sivyo nitakufa. Nilirudi nyumbani nikijua hilo tu, tena nimeambiwa garini.

Nyumbani kukawa bunge. Mama mkwe alisema mwanamke akitolewa mimba kizazi kinaoza na akili inamruka, hajaona hata mmoja aliyenusurika. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alikuwa amekuja likizo kutoka Dar es Salaam na suruali yake ya bugaluu iliyofagia uwanja wote. Yeye alicheka.

"Shemeji, usitishike. Ni kama kung'oa jino. Unaingia, unatoka, jioni unapika."

"Wewe uling'oa ngapi?" mama mkwe akamuuliza.

Walibishana siku tatu, mmoja kwa jina la Mungu na mwingine kwa jina la maendeleo, na mimi nimekaa katikati yao nachambua mboga. Siku ya nne Mkunga aliingia na nyungo mbili kwapani. Hakusalimia kwa kirefu. Aliweka ungo mmoja mbele yao, akawapa makopo, akawaambia kila mmoja aonyeshe hatari ya jambo hilo likifanywa hospitali. Mama mkwe alimimina kopo lote la nyeusi. Shemeji alimimina kopo lote la nyeupe, akafuta mikono.

Mkunga aliangalia, akatikisa kichwa. "Mmoja anamtisha, mwingine anambembeleza. Siku tatu mnapiga kelele, na hakuna aliyemweleza huyu mwenye tumbo. Tokeni."

Mama mkwe, aliyekuwa hajatolewa nyumbani kwa mwanawe na mtu yeyote, alitoka.

Nilikuja kujua baadaye kwamba Mkunga alikuwa amekwenda mjini kwa lori, akamganda daktari mlangoni mpaka akampa majibu ya moyo kama wangu. Akatengeneza nyungo zote mbili mbele yangu. Wa kwanza ulikuwa wa kuendelea na mimba nikiwa na moyo ule. Nyeusi zilikuwa nyingi, lakini nyeupe zilikuwamo pia, na alinionyesha. Wa pili ulikuwa wa kutolewa mimba hospitali. Nyeusi zilikuwa chache sana, lakini zilikuwamo, na kila moja alinipa jina lake: kutoka damu, kuchafuka ndani, mara chache kizazi kuumia. "Na huzuni," alisema, "hiyo sijui niitie rangi gani. Wengine wanaipata, wengine hawaipati. Kuna wanaoshusha pumzi tu." Hakusema nitakuwa kichaa. Hakusema ni jino.

"Ukitoka huko, ukipata homa, au baridi ya kutetemeka, au harufu mbaya, au damu inayolowanisha kanga, usingoje kesho. Rudia."

Nilirudia kwa Kiswahili, nikarudia kwa Kinyamwezi. Nikachota kwenye ungo huu, nikachota kwenye ule, mpaka viganja vikanuka vumbi la njugu. Halafu nikamuuliza swali ambalo kila mtu alimuuliza.

"Mkunga, ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Mimi si wewe. Tumboni mwangu mna ugali tu."

Nilimsihi. Nilimwita mama. Nilimwambia sina mwingine wa kumuuliza. Alisimama, akatoka nje, na nikamsikia anawagombeza kuku wetu kwa sauti ya juu, kuku ambao hawakumkosea kitu. Aliwagombeza muda mrefu. Niliachwa na nyungo mbili, na sijapata kumchukia mtu kama nilivyomchukia pale.

Niliamua mwenyewe. Nilitazama watoto wangu watatu wanagombania kiazi cha kukausha, nikaamua kubaki nao. Mkunga aliporudi ndani alichukua ile karatasi. "Sahihi ya mume ninaiona. Ya mwenye tumbo iko wapi?" Mume wangu akasema hakuna mahali palipoachwa. "Pembeni pako wazi," akajibu. Nikaandika jina langu pembeni, herufi zikipanda kama ngazi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuliandika nje ya daftari la kisomo. Huko hospitali karani alilalamika kwamba nimeharibu fomu.

Nilitoka salama. Siku ya tano nikatetemeka. Mama mkwe alisema malaria hiyo, akaanza kuchemsha mwarobaini. Na mimi, meno yakigongana, nikasikia mdomo wangu wenyewe unasema kwa Kinyamwezi: baridi ya kutetemeka, usingoje kesho. Nilimwambia mume wangu anitie kwenye baiskeli. Alianza kubisha, nikamrudishia maneno yote, moja baada ya jingine, akashika usukani. Daktari alisema ningengoja mpaka asubuhi, wasingenipata. Kwa hiyo niliichota nyeusi, lakini nilikuwa ninalijua jina lake.

Nililia? Nililia sana, na nilishusha pumzi pia, yote mawili siku moja. Mpaka leo yupo mtoto ambaye mara nyingine nahesabu umri wake. Sijajuta, na sijasahau.

Ungedhani basi nilimpenda Mkunga. Nilimheshimu, nikampelekea njugu kila mavuno, lakini nilimnunia miaka kumi. Angeweza kusema. Neno moja tu, ningelishika kama mkono. Kila tulipokutana, "Shikamoo Mkunga," "Marahaba mwanangu," tabasamu langu liliishia kwenye meno.

Mwaka ule sabuni na sukari vilipotoweka madukani, Mkunga alikuwa amestaafu na kuhamia mjini, Isevya, kwenye chumba kimoja na kuku wasiozidi watatu. Nikasikia sokoni kwamba ana uvimbe tumboni, daktari anataka kumpasua, na karatasi imelala mezani kwake wiki ya tatu haijatiwa sahihi. Nilikwenda nyumbani nikatafuta ungo. Sitawadanganya, nilikwenda nikiwa na furaha mbaya kidogo. Njia nzima nilikuwa nikilifanyia mazoezi jibu langu.

Nilimkuta kitandani, amekonda, mikono imekuwa midogo. Karatasi ilikuwa chini ya kikombe.

"Umeleta nini?" akauliza.

"Unakijua."

Alicheka mpaka akashika tumbo. Akanieleza alivyoambiwa na daktari, kwamba akipasuliwa katika umri wake huenda asiamke, na asipopasuliwa uvimbe utamla polepole. Nilimtaka arudie, akarudia bila kukosea. Umri wake tu ndio alioupunguza. Nikatengeneza nyungo mbili, nyeupe na nyeusi, kama alivyonifundisha bila kujua ananifundisha. Nikamwambia afumbe macho achote.

Alichota. Lakini kiganja hakukifungua. Kilibaki ngumi juu ya ungo.

"Mwanangu," akasema, "ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Miaka kumi nilikuwa nimelitunza jibu. Lilikuwa limefika kwenye ulimi, na ugali wake ndani. Nikaiangalia ile ngumi, nikashindwa.

"Ningeogopa," nikasema.

Alifumbua macho, akaniangalia.

"Hilo ndilo nililokuwa nalo siku ile," akasema. "Nilitoka nje nikawagombeza kuku kwa sababu hiyo. Nilijisemea, mkunga mwenye kuogopa nani atamsikiliza? Kumbe lilikuwa neno dogo tu." Kisha, kwa sauti yake ya zahanati: "Rudia."

"Ningeogopa."

"Hayo ni yangu. Kwa Kinyamwezi."

Nikasema kwa Kinyamwezi, na hapo ndipo sauti iliponikatika.

"Basi tuko wawili," akasema.

Akazirudisha njugu kwenye ungo bila kuziangalia, akavuta karatasi kutoka chini ya kikombe, akaomba kalamu. Mahali pa sahihi palikuwa wazi, pana, pameandaliwa vizuri. Aliandika jina lake pembeni.

Njugu za nyungo zote mbili tulizitia chungu kimoja, nyeupe na nyeusi. Aliinuka mwenyewe akapika. Tulipokaa kula aliapa kwamba leo kasahau kabisa kutia chumvi, nami nikanywa vikombe vitatu vya maji, nikamwambia ni kweli, haina hata punje.